Simu ya Pascalia Kwenye Trei ya Mayai

Nyumbani kwangu kuna trei ya mayai ambayo haijabeba yai tangu Erastus aniletee sola. Erastus ni kifungua mimba wangu, anafanya kazi ya kusaga miwa huko Butali. Alikuja na fundi, wakapanda juu ya mabati, wakafunga kile kioo, wakanishushia waya zenye vichwa vingi. Stima imepita barabarani, lakini kwetu huku ndani ya Matungu, katikati ya miwa, haijafika. Kwa hivyo watu wote wa upande wetu huniletea simu zao nizichaji. Wananipa shilingi ishirini, wanaenda shambani, na mimi nazisimamisha kwenye ile trei, kila moja na shimo lake, ndiyo nisichanganye ya huyu na ya yule.

Sheria niliiweka mimi mwenyewe siku ya kwanza. Nilisema simu ya mtu ikilia kwangu, siishiki. Iite mpaka ichoke. Yaliyo ndani ya simu ni ya nyumba ya mwenyewe, na mimi sina ruhusa kuingia nyumba ya mtu bila kubisha.

Mzee Osiako alinitania. "Mama Erastus, hii yangu ikilia wewe sikia wimbo tu. Usinichukulie wapenzi."

"Wapenzi gani, na meno imebaki mawili?"

"Hayo mawili ndiyo wanakujia."

Miaka mitatu zililia, miaka mitatu sikushika hata moja. Watu wakanijua kwa hilo. Kuna mama aliwahi kusema kanisani kwamba mkono wa Mama Erastus hauna tamaa. Nilikaa pale kwenye benchi nikasikia vizuri, na sikumkatiza.

Sasa Pascalia. Pascalia ni jirani yangu, ameolewa kwa ukoo wetu, na huniita Mama ingawa sikumzaa. Alipokuja hapa kama bibi arusi hakujua hata kuatamisha kuku. Mtetea wake wa kwanza nilimpa mimi. Nikamwonyesha kuchanja, nikamwonyesha jinsi ya kuficha vifaranga mwewe asiwaone. Alishika haraka. Halafu akanunua ile simu ya kupangusa, akaanza kupiga majogoo yake picha na kuziweka mahali ambapo kila mwenye namba yake anaziona. Mimi nilicheka. Nilimwambia jogoo haliwi kwa macho.

Lakini picha zile zilitembea. Zilifika mpaka Kakamega mjini, kwa mtu anaitwa Clifford, mkubwa wa jikoni kwenye hoteli. Clifford akaanza kumpigia Pascalia kila Alhamisi: nataka kumi, nataka kumi na tano. Ijumaa Protus wa bodaboda anakuja na tenga, anawabeba. Pascalia hatoki hata kwa boma. Kwa kuku hao akampeleka binti yake Gentrix kujifunza kushona nguo huko Butere.

Na mimi niliyemfundisha, nilikuwa bado nabeba kuku wangu hadi sokoni nimewafunga miguu, na jioni narudi nao wakiwa wamechoka kuliko mimi. Simu yangu ni kabambe, ya vibonyezo. Haina picha. Sikusema kitu. Lakini nikiona Protus amekata kona kwa Pascalia, nilisimama nikihesabu vichwa kwenye tenga lake.

Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa tano. Pascalia alileta simu asubuhi, akaenda kupalilia miwa ya watu upande wa mtoni. Nilikuwa nimekaa mlangoni nachambua mrenda. Simu yake ikalia. Nikaiacha. Ikalia tena. Nikaiacha. Mara ya tatu nikainuka, nikasema naangalia tu. Shule nilifika darasa la nne, na hilo darasa la nne lilinitosha kusoma: Clifford Hoteli.

Sitasema shetani alinisukuma. Shetani hakuwa na kuku wa kuuza. Nilikuwa nao mimi, majogoo ishirini na wawili, na mahindi ya kuwalisha yalikuwa yameisha.

Nikaishika.

"Pascalia, mbona hushiki simu?"

"Pascalia hayuko. Mimi ni mama yake."

"Oh, shikamoo mama. Mwambie nina wageni wa mkutano. Nataka majogoo ishirini kesho."

Hapo ningesema nitamwambia. Ni neno moja tu. Mdomo wangu ukasema, "Pascalia aliacha kufuga. Siku hizi yuko kwa miwa. Lakini kuku niko nao mimi."

Pascalia alikuwa na kuku zaidi ya thelathini. Nilikuwa nimewapita asubuhi hiyo hiyo, wakinitazama.

Clifford akauliza, "Ni wa kienyeji kweli, kama wa Pascalia?"

"Yeye nani alimfundisha?" nikamwuliza.

Akacheka, akaandika namba yangu. Nikarudisha simu kwenye shimo lake, uso wake ukiangalia ukuta.

Ijumaa Protus akaja. Nilimngoja kwa njia ya nyuma, ile inayopita ndani ya miwa, nikamwingiza huko. Akashangaa. "Kukhu, bibi yangu, mbona tunapita huku kama wezi?"

"Njia ile ina matope," nikamwambia. Mvua haikuwa imenyesha kwa siku sita.

Basi Clifford akawa ananipigia mimi. Kabambe langu, ambalo zamani lilikuwa la kuulizia tu hali ya Erastus, likawa na kazi. Kuku wangu wakaisha, nikaanza kununua kwa majirani na kumpelekea. Nilikuwa nampigia mmoja Matungu sokoni, mmoja ng'ambo ya mto, na kabla chai haijapoa tenga limejaa. Ndipo nilipoelewa kitu ambacho Pascalia alikuwa amekielewa mapema: simu inaweza kumfikisha mtu mahali ambapo miguu imekataa. Ningefurahi sana, kama ningekuwa nimekipata kwa njia safi.

Pascalia aliendelea kuleta simu yake. Anaiweka, anakaa kidogo.

"Mama, yule mtu wa hoteli amenyamaza."

"Amenyamaza?"

"Wiki ya tatu sasa. Nilimpigia mara moja hakushika. Nafikiri ni yule jogoo aliyefia njiani ile safari ya mwisho. Aliona nampelekea wagonjwa."

"Mpigie tena," nikasema, kwa sauti ya mtu anayetaka asisikilizwe.

"Nitamfuatafuata vipi, Mama? Mtu akikukinai amekukinai." Akavunja kijiti, akakitupa. "Gentrix nimemwambia akae nyumbani kwanza. Mwalimu wake ameniambia nafasi anamshikia mpaka mwisho wa mwezi huu, basi."

Ningeweza kumwambia siku hiyo. Nilimpa ndizi mbivu. Akanishukuru kwa mikono miwili.

Wiki iliyofuata alikuja mwenyewe akiwa na tenga kichwani. Nilijua ni nini kabla hajalitua.

"Nimesikia unanunuanga kuku, Mama. Chukua hawa wangu. Nawamaliza. Nimechoka kuwalisha bure."

"Wote?"

"Wote. Kumi na wanane hawa, wengine nitaleta kesho. Nitabaki na huyu mtetea wa ukoo wa yule wako wa kwanza. Huyo siwezi."

Nilipaswa kusema siwachukui. Lakini Clifford alikuwa anangoja kumi na wanane, kamili, na mimi nilikuwa na watatu. Nikamlipa bei ya soko. Bei ya soko na ya hoteli haziwezi kukaa meza moja, na tofauti yake nilikuwa najua inaingia wapi. Tukaanza kuwahamisha kutoka tenga lake kuingia langu, yeye anashika mabawa, mimi nafungua mlango. Kila jogoo aliliita kwa jina lake.

"Huyu ni Diwani, anatembea akikagua barabara. Huyu ni Padri. Huyu hana jina, ni mjinga tu."

Nikacheka. Bado nakumbuka kwamba nilicheka.

Na hapo kabambe likalia. Lilikuwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, katikati yetu. Nikaona jina.

Simu yangu ina sauti kubwa. Tena sikio langu la kulia liliharibika, kwa hivyo mimi huongeanga nikiwa nimebonyeza kile cha kutoa sauti nje, na kila mtu anajua. Mambo yangu nikitaka yasisikike huenda nyuma ya jiko. Njia ya kwenda nyuma ya jiko ilikuwa wazi. Ni hatua kumi.

Iliita mara ya kwanza, ikakatika. Ikaanza tena.

"Mama, simu yako. Shika, mimi nitafunga hapa," Pascalia akasema. Alikuwa ameshika Padri kifuani, manyoya meupe yamemwingia kwenye nywele. Nikayaona yale manyoya. Nikafikiria kwamba nikienda nyuma ya jiko leo, nitakuwa naenda nyuma ya jiko mpaka siku ya kuzikwa.

Nikabonyeza kile cha sauti.

"Mama Pascalia," ile simu ikasema, na uwanja wote ukasikia. "Wale kuku wa kesho wako tayari? Na wawe wazuri kama wale wa binti yako. Tangu aache kufuga sijapata kama wale."

Pascalia aligeuka kuitazama simu. Alikuwa anaijua sauti ile. Aliisikiliza kila Alhamisi kwa zaidi ya mwaka.

"Clifford," nikasema, "Pascalia hajaacha kufuga. Nilikudanganya. Siku ile ulipiga simu yake ikiwa kwangu kwa chaji, nikaishika. Kuku alikuwa nao. Hata hawa unaongojea ni wake. Yuko hapa mbele yangu."

Sufuria ziligongana huko kwake. Kisha akasema polepole, "Basi nitampigia yeye," akakata.

Nilingoja Pascalia anitukane. Nilitaka anitukane. Aliweka Padri chini, akaingia ndani kwangu, akaichomoa kwenye trei simu yake aliyokuwa ameileta asubuhi. Alisimama mlangoni akiipangusa kwa kidole, anarudi nyuma, anarudi nyuma, siku baada ya siku.

"Alhamisi," akasema. "Clifford. Dakika nne." Akanigeuzia kioo nione. "Ilikuwa hapa siku zote, Mama. Nilikuwa natembea nayo mfukoni."

Sikujua kwamba simu huandika ndani yake aliyeishika na muda aliokaa. Hata kama ningejua, nisingejua kufuta.

"Gentrix ameketi nyumbani," akasema.

"Najua."

"Ndizi ulinipa ukijua?"

"Nilikupa nikijua."

Alirudisha kuku wake kwenye tenga lake, mmoja mmoja, bila kuwaita majina. Sikumsaidia, kwa sababu sikuona mkono gani ningenyoosha. Pesa niliyokuwa nimempa aliiweka juu ya ndoo, akaiwekea jiwe ili upepo usiichukue. Hata siku hiyo alikumbuka upepo.

Ijumaa Protus alipita mbele ya mlango wangu bila kukata kona. Tenga likaenda kwa Pascalia, kwa njia ya kawaida. Jumatatu nikamwona Gentrix barabarani na mkoba, anaenda Butere. Aliniamkia vizuri. Nikajua mama yake hajamwambia kitu. Hajamwambia mtu yeyote. Watu waliendelea kuniletea simu, wananiita mama mwaminifu, na kila mara nilihisi kama nimevaa nguo ya mtu mwingine na yeye ananiona.

Siku tano shimo la Pascalia lilikaa tupu. Siku ya sita akaja. Alinisalimia, akaniuliza sikio linaendeleaje, akaweka simu mahali pake. Nilipoichukua kuunganisha waya nikaona kioo ni cheusi.

"Imezima? Chaji imeisha kabisa?"

"Nimeizima mimi," akasema. "Wanasema ikizimwa inajaa haraka."

"Ndiyo," nikasema. "Inajaa haraka."

Tangu hapo huileta hivyo. Anaizima kule kwenye njia, kabla hajafika kwangu. Zile nyingine zinalia mchana kutwa, kila moja na wimbo wake. Yake inakaa kwenye shimo lake kimya, na hiyo ndiyo mimi huisikia.

Juzi Mzee Osiako alikuja na simu yake, akatazama trei. "Ya Pascalia mbona haiimbi siku hizi? Ama amekosana na dunia?"

Ningesema inajaa haraka ikizimwa. Jibu lilikuwa tayari, Pascalia mwenyewe alikuwa amenitengenezea na kunipa, ili nisiaibike. Nikamvutia mzee kiti. Nikamwambia yote, tangu mrenda mpaka jiwe juu ya pesa. Hakunikatiza, na hakufanya mzaha.

Nilipomaliza alikaa akiitazama simu yake mkononi. Kisha akatafuta kile kibonyezo chekundu kwa kidole gumba, akakikandamiza mpaka mwanga ukafa, akainuka na kuisimamisha kwenye trei.

"Nitaipitia jioni, Mama Erastus," akasema.

Nikaiunganisha waya.