Shimo Halijifukii

Kabagwira alivaa mushanana, vazi lake la harusi, maana leo jina la kaka yake lingetajwa mbele za watu. Gaju, mjukuu wake, alimpandisha ngazi za ukumbi pale Remera polepole, akamtafutia kiti cha mbele. Mtoto ana huruma huyu.

Jukwaani aliketi Mzee Ambrose, rubani wa zamani wa ndege za kivita, aliyealikwa kutoka Tanzania asimulie alivyonusurika Vita vya Kagera. Kabagwira alimtambua kwa kovu la kidevuni. Wakati ule yeye alikuwa msichana mdogo, mtoto wa wakimbizi wa Kinyarwanda kule Misenyi. Ndege iliwaka moto juu ya migomba yao, rubani akashuka kwa parachuti, mguu umeteguka. Kaka yake, Mutsinzi, akamlaza ndani ya shimo la kuvundikia ndizi za pombe, akamfunika majani, akarudishia udongo, akamwachia bua la mpapai la kupumulia. Shimo lililovundikwa halifunuliwi kabla ya siku zake. Askari wa adui walilipita tu. Kisha Mutsinzi akabeba parachuti, akakimbilia mtoni ili wamfuate yeye.

Wakamfuata. Hakurudi.

Majirani wakasema kijana wa wakimbizi amemuuza rubani. Lakini rubani, akiondoka na blanketi la mama yao mabegani, alikuwa ameahidi: "Mama, nikifika nitasema. Wote watajua." Mama alingoja hadi akazikwa na aibu ile.

"Nilijificha mwenyewe shimoni," Ambrose alisimulia sasa, sauti bado tamu. "Kijana mmoja akaiba parachuti yangu, akawapelekea adui. Lakini Mungu si Athumani!"

Ukumbi ukacheka, ukapiga makofi. Kabagwira alitazama viganja vyake. Ndivyo vilivyousawazisha udongo ule.

Akasimama. "Mzee wangu, samahani. Udongo wa juu aliurudishia nani?"

"Mimi, mama."

"Ukiwa ndani?"

"Thubutu!" mwanamke wa Bukoba akadakia kutoka nyuma. "Shimo la ndizi halijifukii, babu!"

Watu wakaangua kicheko. Ambrose hakucheka. Alimkazia macho Kabagwira.

"Ni mimi niliyekuletea uji ulipotoka shimoni," Kabagwira akasema. "Kaka yangu aliitwa Mutsinzi. Litaje jina lake tu, mzee, kisha uendelee."

"Mama," akajibu kwa sauti ya chini, "wajukuu zangu wanaijua hadithi hii hivi hivi nilivyoisimulia."

"Na wangu je?"

Fimbo ya mzee iliteleza ikaanguka. Kabagwira akasogea hadi jukwaani, akainama, akaiokota, akamwekea mkononi na kumkunjia vidole juu yake. Akabaki amesimama pale, anangoja.

"Asante, mama," akasema Ambrose. Kisha akageukia upande wa pili wa ukumbi. "Swali jingine?"

Hakuna aliyenyoosha mkono.