Mwali wa Kupokelea Wageni

Mwanajuma alimwaga karai la mchanga kwenye dimbwi la golini, akaliangalia linavyoumeza. Dimbwi halikushiba. Tangu alfajiri wanawake wa Kisarawe walikuwa wakishuka bondeni na kupanda, vichwani mchanga, miguuni tope, na dimbwi linakula tu. Shingo ilimuuma mpaka mabegani. Nyumbani muhogo wake ulikuwa unaozea ardhini kwa mvua, lakini Jumbe Kondo alikuwa amepiga mbiu: mwanamke atakayeonekana shambani kabla kiwanja hakijakauka atajibu barazani.

Kiwanja kilikuwa cha wageni. Nchi nne zilikuwa zinagombea kombe Dar es Salaam, na Tanganyika ndiyo mwenyeji. Mwenyeji gani huyo, masikini, aliyealika watu kabla ya kutandika mkeka! Uwanja wa mjini masika yaliugeuza bwawa. Basi kamati ya mapokezi, watu waliokaa vitini huko mjini, wakaamua timu ya Uganda ipandishwe Kisarawe, icheze na vijana wa hapo mchezo mmoja wa kirafiki, kisha ishuke. Baada ya hapo ndipo wanawake walipogawiwa makarai.

"Mwanajuma, hebu njoo huku."

Jumbe alikuwa amesimama pembeni na mwavuli wake, kanzu ameikunja isiguse tope.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba. Mwali wako hajambo?"

Mwanajuma alishtuka. Mwali haulizwi hadharani namna hiyo, tena na mwanamume. "Yupo ndani," alisema.

Siwema alikuwa ndani tangu alipovunja ungo, na mavuno mawili yalikuwa yamepita. Kwao mwali hatolewi kimyakimya. Hutolewa kwa ngoma, ukoo wa baba na wa mama wakila na kusaza, na ngoma ikishalia ndipo anaitwa mwanamke na mchumba anamchukua. Baba yake angekuwapo mambo yangekuwa mengine, lakini homa ilimzika mwaka uleule. Ng'ombe hakuwapo, mchele haukuwapo, na mkono mtupu haulambwi. Wenzake walioingia nyuma yake walishatolewa, wengine wanabeba watoto, naye bado yumo gizani, ngozi imepauka, kifua kinakohoa. Wakwe wa Gwata walikuwa wameanza kuchoka kungoja. Mchumba, Shomari, alikuwa kijana mpole, lakini upole nao una mwisho.

"Bwana Mkubwa wa kamati anataka wageni waonyeshwe ngoma," Jumbe alisema. "Ngoma ya kweli, si ya kuigiza. Nikamwambia, ninaye mwali. Ng'ombe watatoa wao. Mchele wao. Wapigaji wataletwa kutoka mjini. Wewe utamleta mtoto tu."

"Kiwanjani, Jumbe? Mbele ya wanaume?"

"Wanaume watakuja na kuondoka, mwanao atabaki ametolewa. Akina Matano wa Gwata nimeshawatumia habari, watakuja kumchukua siku hiyohiyo. Au una ng'ombe wako umemficha mahali?"

Akacheka. Mwanajuma naye akacheka, maana Jumbe akicheka mtu hucheka. Lakini moyoni kitu kilifunguka. Mwanangu atatoka! Alirudi bondeni na karai lake, na mchanga siku ile haukuwa mzito tena.

Kungwi wa Siwema, Bi Mwanaamina, hakuipenda habari hiyo hata kidogo.

"Mwali akivuka kizingiti, ngoma lazima ilie siku hiyo," alisema. "Isipolia, je?"

"Italia, bibi. Ni ya serikali."

"Hicho ndicho kinachonitia shaka."

"Wewe una ng'ombe?"

Bi Mwanaamina alitazama mlango wa chumba alimokuwa mwali, akasikia kile kikohozi. "Sina," alisema. "Haya. Tumtoe."

Siku ya wageni ilipambazuka bila mvua. Siwema alinyolewa, akapakwa mafuta ya nyonyo, akavishwa shanga, akavukishwa kizingiti mgongoni kwa kungwi, amefunikwa kanga gubigubi. Mwanajuma alipiga vigelegele njia nzima mpaka sauti ikamkauka. Kiwanjani Siwema alitandikiwa mkeka kwenye kona ya bendera. Walipomfunua uso alifumba macho, machozi yakamtoka kwa ukali wa jua.

"Usilie, mwanangu," mama yake alimwambia.

"Silii, mama. Ni jua."

Wapigaji ngoma walikuwa wameshaletwa na kamati, wamevaa kanzu za aina moja. Nyuma ya shule ng'ombe alikuwa amechinjwa, na harufu ya pilau ilitembea kiwanja kizima. Wakwe, akina Matano, walikuwa wamefika kutoka Gwata, wamelala njiani, wazee kwa akina mama, na zawadi zao za kanga mpya. Wageni walitarajiwa saa nne.

Saa nne hawakufika. Saa sita hawakufika. Ikaja habari kwamba lori limekwama kwenye mteremko wa Pugu, gurudumu limezama mpaka ekseli, na wanaume wote wenye nguvu, isipokuwa wachezaji, wakaondolewa kiwanjani kwenda kusukuma.

"Jumbe, si tuanze?" Bi Mwanaamina aliomba. "Mtoto anaungua."

"Ngoma isilie mpaka wageni wakae. Ni amri."

Jua la katikati ya mvua lina uchungu wake. Mafuta yalichuruzika mwilini mwa Siwema yakalowesha mkeka. Watu walimzunguka. Watoto walimnyooshea vidole, na vijana wa timu, waliokuwa wakingoja wamevaa jezi za kuazima, walipita na kupita tena. "Kumbe mwali ndiye huyu?" mmoja alisema, wenzake wakaangua kicheko. Mwanajuma alisimama mbele ya mwanawe na kutanua kanga yake kama pazia, lakini kona ya bendera ina pande nyingi.

Wageni walifika jua limeinama. Walikuwa vijana wenyewe, wamechoka, matope mpaka kiunoni. Wakaketishwa chini ya turubai pamoja na wakubwa wa kamati, wakaletewa pilau. Akina Matano waliangalia sinia zikipita. Halafu filimbi ikalia na mpira ukaanza, na kwenye dimbwi la golini mchanga wa wanawake ukafumuka tena, mchezaji mmoja akateleza na kukaa chini, Bwana Mkubwa akacheka.

Wakati wa mapumziko wapigaji waliinua mikono. Mwanajuma alimwinua Siwema, akamsimamisha. Mzee Matano alisimama. Bwana Mkubwa alitazama saa yake, akatazama mawingu, akamnong'oneza karani, karani akamnong'oneza Jumbe.

"Acheni!" Jumbe alipiga kelele. "Muda hakuna. Lori lishuke kabla ya giza."

Mikono ikashuka. Hata pigo moja halikulia.

Mwanajuma alivuka kiwanja mbio, miguu ikizama topeni. "Jumbe, ngoma!"

"Ngoma gani?"

"Ya mwanangu, Jumbe. Uliahidi."

"Si umeona hali? Lori lilikwama kwa ajili yangu mimi?"

"Wapige kidogo tu. Kidogo, Jumbe, isikike tu!"

"Mwanajuma, usinitie aibu mbele ya wageni. Mtoto ameonekana na wakubwa wa nchi nne. Heshima gani tena unayoitaka?"

Nusu ya pili ilichezwa kwa haraka. Ngoma zilipakiwa kwenye lori pamoja na wapigaji na sufuria za pilau lililobaki. Mwanajuma alijaribu kupiga kigelegele peke yake, kikamfia kooni.

Mzee Matano alimjia taratibu. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Mkwe wangu, tulikuja kuchukua mwali aliyechezwa ngoma," alisema. "Huyu ametoka, kwa hiyo si mwali. Hajachezwa, kwa hiyo si mwanamke. Nikifika Gwata wataniuliza ngoma ililia wapi. Niwaambie nini?"

"Waambie Jumbe alitudanganya."

"Kwani Jumbe ndiye anayeoa?"

Wakakunja kanga zao. Shomari aligeuka mara moja, akaangalia, akawafuata wazee wake.

Nyumbani Bi Mwanaamina alitangulia, akakaa mlangoni miguu ameinyoosha kutoka mwimo hadi mwimo. Alikuwa analia, na hakusogea.

"Harudi ndani," alisema. "Mwali harudi nyuma. Akirudi, tumbo lake litafungika. Mila hii sikuiweka mimi."

"Basi akae wapi, bibi?"

"Sijui, mwanangu. Wallahi sijui."

Siwema alikaa upenuni, mgongo ukutani. Mvua ilipokuja ilimrushia miguuni, akaikunja. Mama yake alimpelekea uji nje, akakaa naye nje, akakohoa naye. Majirani waliokuwa na mabinti ndani waliacha kupita njia hiyo.

Jumatano asubuhi alikuja Mashaka, tarishi wa Jumbe, baiskeli anaikokota.

"Jumbe anakusalimu," alisema. "Anasema samahani kwa yale. Timu ya Unguja inapandishwa Ijumaa, uwanja wa mjini bado maji. Safari hii barabara imewekwa mawe. Ngoma itakuwepo bila shaka, wapigaji wameshaletwa, wanafanya majaribio kiwanjani sasa hivi."

"Basi?"

"Anamtaka mwali."

Mwanajuma alinyanyua mchi kinuni. "Mwali gani? Nyumba ngapi zina mabinti ndani? Nenda huko!"

"Nimekwenda. Wote wamekataa, wameona yaliyokupata." Mashaka alitazama chini. "Mama, usinipige, mimi natumwa tu. Anasema huyu wako si keshatoka? Hana cha kuharibika tena."

Mchi ulibaki hewani. Siwema ndiye aliyesimama. Alikung'uta kanga yake.

"Wataipiga leo?" aliuliza.

"Majaribio tu, dada. Wanataka kuona utakaposimama."

"Lakini wataipiga?"

"Wataipiga."

"Siwema!" mama yake aliita. "Mwanangu, kaa!"

"Nikae wapi, mama?"

Akamfuata tarishi. Alitembea vibaya, kama mtu ambaye miguu yake imesahau njia, na nyumba baada ya nyumba milango ilifungwa asije akawaona mabinti waliomo. Mwanajuma alibaki uani na mchi mkononi. Bi Mwanaamina alitoka, akasimama karibu yake, wote wawili wakatega masikio.

Haikuchukua muda. Ngoma ikalia kutoka kiwanjani, nzito, ya kweli, wanaume waliokula wakashiba wakiipiga kwa mikono miwili. Hapakuwa na ukoo wa baba wala wa mama, hapakuwa na wakwe, hapakuwa na mgeni hata mmoja. Ikakatika. Sauti ya mwanamume ikapaza kitu, pengine ilimwambia asogee kushoto. Ikaanza tena.

"Bibi," Mwanajuma aliuliza, "hii inahesabika?"

Mwanajuma aliinua uso, akaweka ulimi tayari kupiga kigelegele, akangoja aambiwe.