Transkripti ya Rusia

Ujumbe uliingia kwenye simu ya Lusia Mayala Jumatatu asubuhi, siku moja tu baada ya sherehe ya kumuaga. Na sherehe yenyewe haikuwa ya kunong'ona. Baba yake, Mzee Mayala, alichinja mbuzi na kukodi spika kubwa mpaka wachimbaji wa duara la jirani wakatoka shimoni kuja kuuliza kama dhahabu imetoka. Kanisani alisimama kabla padri hajamaliza matangazo, akawaambia waumini kwamba binti yake anakwenda Shinyanga kusomea stashahada ya maabara, kwa hiyo wenye minyoo wajiandae. Kharumwa nzima ilikuwa na habari. Sasa simu inasema: "Udahili wako umefutwa kwa kuwa transkripti yako haikupokelewa. Kama una malalamiko, kata rufaa kabla ya Ijumaa."

Lusia aliusoma ujumbe huo akiwa amekalia sanduku lake la bati, ambalo tayari lilikuwa limefungwa kufuli. Akausoma tena, maana macho nayo huwa yana mizaha yake. Ulikuwa vilevile. Kazi ya zahanati alishaiacha, na kiti chake mbele ya hadubini kilishakaliwa na Salome, msichana asiyejua kuzungusha lenzi lakini aliyejua sana kukaa. Pa kurudi hapakuwepo. Miaka yote aliyochungulia vimelea vya malaria kwenye vioo vya damu za wenzake alikuwa akijiambia kwamba iko siku atasoma zaidi, na siku yenyewe ilikuwa imefika, imekunywa soda, imeondoka.

"Inasemaje hiyo?" aliuliza Mzee Mayala kutoka mlangoni.

"Wamenifuta, baba."

"Wamekufuta nini?"

"Chuo. Wanasema transkripti yangu hawakuiona."

 Mzee Mayala alihesabu kichwani watu atakaokutana nao sokoni. "Basi tutakata lufaa," alisema. "Halaka, ng'wanone, mwanangu. Leo leo." Kama Wasukuma wengi wa rika lake, Mzee Mayala hakuwa na ugomvi na herufi r. Hakuwa nayo tu, na hakuona amepungukiwa nini.

Transkripti ilipaswa kutoka katika chuo kidogo cha kanisa kule Bukombe, Lusia alikosomea cheti. Matokeo na mihuri yote ya chuo hicho ilikuwa mikononi mwa karani mmoja, jina lake Wilbard, na hapa inabidi tumseme kidogo, kwa mema na kwa mengine.

Wilbard naye ni Msukuma wa kuzaliwa na kulelewa. Alipokuwa kijana alikwenda Tabora kusomea uhazili, na siku ya mahafali wakampa risala asome. Akafungua mdomo kwa heshima zote akasema, "Mheshimiwa mgeni lasmi." Ukumbi ulilipuka. Watu walicheka mpaka mgeni rasmi mwenyewe akatoa leso. Wilbard aliimaliza risala ile jasho likimtoka, na tangu siku hiyo akatangaza vita dhidi ya herufi l. Kila alipoihisi inakuja ulimini aliikata kichwa, akaweka r mahali pake. Tatizo ni kwamba hakuwaacha hata raia wema. Lakini ikawa rakini, mwalimu akawa mwarimu, na kulala kukawa kurara.

Wanafunzi waliyaishi hayo. Siku moja alibandika ukutani tangazo: MUDA WA KURA NI SAA SABA MCHANA, na wagombea wawili wakaanza kampeni kabla watu hawajasikia harufu ya maharage. Wakati wa mitihani akatangaza kwamba kila mtahiniwa aje na karamu mbiri, wakaulizana nani atapika. Lusia yeye aliitwa Rusia tangu siku ya kuripoti mpaka siku ya kuondoka, na alikuwa ameshazoea kuitika bila hata kusikia.

Lakini Wilbard huyohuyo ndiye aliyempakia kwenye baiskeli Lusia alipopandwa na homa katikati ya mitihani, akampeleka zahanati, akamrudisha, akampigia magoti mkuu wa chuo mpaka Lusia akaruhusiwa kuingia amechelewa. Na hakuna aliyewahi kumwona Wilbard akimcheka mtu.

Lusia alimpigia simu Jumatatu ileile. "Shikamoo, kaka Wilbard."

"Marahaba, Rusia! Mzima?"

Akamweleza. Wilbard alishangaa kwa sauti. "Mimi nirituma! Nirituma kwa basi, tena nikampigia msajiri akaniambia kifurushi kimefika. Usirie, mdogo wangu. Waambie watafute."

Basi Lusia aliandika rufaa, akaambatisha vyeti vyake vingine vyote, na akaitwa mbele ya kamati ya udahili Ijumaa. Aliomba aende peke yake. Mzee Mayala akasema sawa, kisha akavaa koti la harusi na kutangulia kituoni.

Kamati ilikuwa na watu watatu nyuma ya meza ndefu. Katikati alikaa mwenyekiti, Dokta Bartholomeo, mtu wa maneno machache aliyetikisa kichwa zaidi ya kuongea. Kulia kwake alikuwa Mwalimu Hosiana, mkuu wa idara ya maabara. Kushoto alikuwa msajili, Deusdedit, kijana nadhifu aliyesoma Dar es Salaam na kuhakikisha hakuna asiyelijua hilo. Mzee Mayala aliambiwa asubiri nje. Alisubiri nje, ila alichagua sehemu ya nje iliyo chini ya dirisha.

"Transkripti ya Lusia Mayala haipo," alisema Deusdedit. "Nimetafuta kwenye herufi L, nimetafuta kwenye M. Haipo."

"Aliyeituma anasema ilipokelewa," alisema Lusia.  "Ilikuja na basi kutoka Bukombe."

"Kutoka Bukombe?" Deusdedit alikunja uso. "Kifurushi cha Bukombe kilikuwa kimoja tu, na hakikuwa chako. Kilikuwa cha yule mwanafunzi aliyesoma nje. Kile kimeandikwa juu: Transkripti ya Rusia."

"Rusia ipi?" aliuliza Mwalimu Hosiana.

"Rusia, mwalimu. Urusi. Moscow huko. Nimekiweka kabati la vyeti vya nje ya nchi, kinasubiri kuhakikiwa. Vile havifunguliwi mpaka kamati ikae."

 Rusia! Lusia alikuwa ameliitika jina hilo miaka yote bila kulisikia, na sasa alilisikia.

"Hiyo ni yangu," alisema. "Rusia ni mimi."

"Gashi!" sauti ilipaa kutoka chini ya dirisha. "Kumbe! Mtoto wangu amekwenda Ulusi lini?"

Mwenyekiti alitikisa kichwa kuelekea kabatini. Deusdedit akaleta bahasha, ikakatwa, na karatasi ikatolewa. Alama zilikuwa zilezile za Lusia, somo kwa somo, pamoja na ile ya hematolojia aliyoipata akiwa na homa. Muhuri ulikuwepo na saini ilikuwepo. Na juu kabisa, kwa herufi kubwa zilizopigwa kwa uangalifu: RUSIA MAYARA.

Lusia alikuwa ameanza kutabasamu. Deusdedit akamkatisha.

"Samahani, mwenyekiti. Sisi tulimdahili Lusia Mayala. Hii ni ya Rusia Mayara. Jina la kwanza tofauti, la baba tofauti. Nitajuaje kwamba hawa si watu wawili? Kanuni inataka kiapo cha mahakama, na hicho hakipatikani leo. Dirisha la udahili linafungwa leo."

"Labda mwakani," alisema Mwalimu Hosiana kwa huruma, na neno hilo mwakani lilimchoma Lusia vibaya kuliko lile la kufutwa. Mwakani maana yake ni kurudi Kharumwa na sanduku, kumpita Salome, kusalimiwa na watu wanaotaka kujua tu.

Mwenyekiti alikohoa. "Aliyeiandika yupo? Akithibitisha yeye mwenyewe, sasa hivi, kamati inaweza kupokea."

Ilikuwa rahisi. Namba alikuwa nayo. Lakini Lusia alishika simu bila kuibonyeza, maana alijua kitakachotokea Wilbard akifungua mdomo mbele ya Deusdedit. Aliona ukumbi wa Tabora, ule wa hadithi za wanafunzi, ingawa hakuwahi kuwapo. Kisha akaona sanduku lake la bati. Akabonyeza.

"Kaka Wilbard, shikamoo. Niko kwenye kamati. Wanakusikia wote."

"Marahaba. Haro, haro, waheshimiwa! Karani Wirbard hapa."

Deusdedit aliinama kuelekea simu, macho yamekwisha kuchangamka. "Bwana Wilbard, ulituma transkripti ya nani?"

"Ya Rusia Mayara, mheshimiwa. Niriandika kwa mkono wangu. Kira kitu kirikuwa kamiri."

"Kamiri?"

"Kamiri kabisa, mheshimiwa. Hakuna kirichokosekana hata kidogo."

Deusdedit aling'ata mdomo, mdomo ukamshinda. Alicheka. Mwalimu Hosiana alijificha nyuma ya faili, lakini faili likawa linatikisika. Mwenyekiti pekee ndiye hakucheka. Alikuwa anaitazama meza.

Lusia alisimama. Hakukumbuka kusimama, alijikuta tu amesimama.

"Naomba msimcheke," alisema. "Huyu kaka alinibeba kwa baiskeli nikiwa na homa ili nisikose mtihani. Hizo alama mlizozishika zipo kwa sababu yake. Kama nafasi yangu inapatikana kwa kumcheka yeye, basi ibaki hapohapo mezani, mimi narudi Kharumwa."

Faili lilitulia. 

"Rusia," sauti ya Wilbard iliuliza taratibu, "wanacheka nini?"

Alitamani kumdanganya. Lakini uongo usingemsaidia yeyote. "Jina langu, kaka. Umeandika Rusia Mayara. Wanadhani ni mtu mwingine. Mimi ni Lusia."

"Si ndivyo niri..." alianza Wilbard, akanyamaza.

Alinyamaza muda mrefu hata Deusdedit akatazama kama simu imekatika. Haikuwa imekatika. Walisikia pumzi yake, kuku mmoja nyuma yake, na mlango ukifungwa. Alipoongea tena sauti ilikuwa imeshuka na kulegea, ya mtu aliyevua viatu vinavyobana.

"Mwenyekiti," alisema, "mimi ni kalani Wilibaldi Makoye. Huyo binti ni Lusia. Lusia Mayala. Hakuna mwingine, nimemfahamu tangu alipokuja. Kosa ni langu, ni la ulimi wangu. Zamani walinicheka kwa sababu ya hiyo helufi, nikaanza kuiogopa. Nikaifukuza kila mahali, hata pale ilipokuwa na haki yake. Nimeifukuza mpaka kwenye jina la mtoto wa watu. Nisameheni. Adhabu nipeni mimi, yeye mpeni nafasi yake."

Hakuna aliyecheka. Lusia alikuwa hajawahi kumsikia Wilbard akiongea Kiswahili chake mwenyewe, na machozi yakamtoka hapohapo mbele ya watu aliotaka wamwone mtu mzima. Deusdedit alikuwa anaipanga kalamu yake sambamba na ukingo wa meza, kisha akaipanga upya.

Dokta Bartholomeo alivua miwani. "Bwana Wilbard," alisema, "mimi kwetu ni Maswa. Nilipofika chuo kikuu sikuuliza swali darasani mwaka mzima, kwa ajili ya herufi hiyohiyo." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake mengi zaidi tangu asubuhi, na inawezekana tangu mwaka uanze. Akamgeukia Deusdedit. "Andika: aliyetoa transkripti amethibitisha. Rufaa imekubaliwa. Binti anaripoti Jumatatu."

Chini ya dirisha, koti la harusi liliruka juu, likaonekana kidogo, likashuka. "Amepata!" Mzee Mayala alimpigia kelele mlinzi wa geti, aliyekuwa hajauliza chochote. "Mtoto wangu amepata!"

 Lusia aliegemea meza ya kamati kwa mikono miwili, jambo ambalo hakuna kanuni inayoliruhusu, na hakuna aliyemkataza.

"Haro?" ilisema simu. "Amepata kweli?"

"Amepata," alijibu Deusdedit, kwa adabu ambayo hakuwa nayo alipoamka. "Naandika jina sasa, kaka. Lusia Mayala."

"Basi andika halaka," alisema Wilbard, "kabra sijarisahihisha."

Deusdedit aliandika mbio, kichwa chini, midomo ameibana. Mwalimu Hosiana alishika faili lake kwa nguvu. Hakuna aliyethubutu kucheka, mpaka Wilbard mwenyewe alipoanza.