Shati la Ukweni

Kila asubuhi, kabla hajabonyeza kitufe cha kijani, Daktari wa Macho alichomoa pindo la kushoto la shati lake, akapuliza pumzi kwenye jicho la mashine kama mzee anayesafisha miwani, akalifuta taratibu. Kisha akavuka upande wa pili, akalifuta na jicho la pili.

Hakuwa daktari wa chochote. Alikuwa fundi wa mashine ya kuoshea magari, lidude refu kama lango, linalotembea kwenye reli na kupita juu ya gari mbele na nyuma, brashi mbili zikisugua ubavuni na ya tatu ikisugua paa. Jicho moja linatuma mwali, la pili linaupokea, na ndivyo mashine inavyojua gari linaanzia wapi na kuishia wapi. Sabuni ikiganda kwenye jicho, mashine inakuwa kipofu, na kipofu mwenye akili husimama palepale alipo.

"Kwa nini ufute na shati?" watu walimwuliza.

"Tambara linakwaruza, karatasi inaacha manyoya. Pamba iliyofuliwa mara mia haina mfano."

Basi mashati yake yote yalikuwa mazima isipokuwa pindo la kushoto, na mapindo hayo ndiyo yaliyompeleka kwa fundi cherehani wa mtaa wa pili. La kwanza, la pili, la tano. Siku ya shati la sita yule mwanamke aliliinua juu akamwuliza, "Hivi wewe umefuga mbuzi chumbani?" Wakacheka mpaka cherehani ikasahauliwa. Miezi minane baadaye walikuwa wamekwisha kubaliana kuoana. Wote wawili walishavuka arobaini, hakuna wa kumdanganya mwenzake.

Kilichobaki ni mama mtu. Mama wa fundi cherehani alikwisha kuwakataa wanaume wawili bila hata kuwamalizia chai, na neno lake halikuwa na rufaa.

"Mama akisema hapana, mimi siolewi," fundi cherehani alimwambia. "Nakwambia mapema usije ukalia." Kisha akakaa siku tatu akimshonea shati jeupe la kwenda nalo kujitambulisha kwa mama, mapindo yamepigwa kwa uzi wa buluu, ambao ndio alama yake.

Siku ikafika. Miadi ilikuwa saa tisa alasiri, lakini fundi alikuja kazini tangu asubuhi na shati jipya mwilini, aproni ya nailoni juu yake.

"Si ungelitundika mpaka saa ya kwenda?" aliuliza Povu, mwosha matairi, mtu wa kitambi na maneno mengi.

"Shati likivaliwa mara ya kwanza ukweni linaonekana la kuazima. Linataka kwanza lipate joto la mwili."

"Na macho leo utafutia nini, Daktari?"

Fundi akatazama pindo jeupe. Akatazama mashine. Akaokota tambara, akafuta haraka haraka huku ameangalia pembeni, kama mtu anayempa mgonjwa dawa iliyopitwa na wakati.

Magari matatu yakapita salama. Saa saba na nusu likaingia gari dogo jekundu, kuukuu, limebonyea mlango wa nyuma. Mwendeshaji alikuwa mama mmoja wa miwani.

"Lisugueni vizuri," alimwagiza Povu. "Nina mgeni leo, sitaki aje kuhesabu vumbi langu."

Brashi ya juu ikashuka kwenye paa, za ubavuni zikaikumbatia milango, povu likafunika vioo. Ghafla mashine ikatoa mlio mmoja, taa nyekundu ikawaka, kila kitu kikasimama. Kimya. Halafu honi.

Fundi akakimbia. Akakagua mkanda, akakagua presha ya maji, akawasha upya. Mashine ikasogea shubiri moja, ikagoma. Akawasha tena, ikagoma tena. Honi nayo ikazidi.

"Mama! Toa mkono kwenye honi! Mashine haina masikio!"

Kioo cha dirisha kikaanza kushuka.

"Usishushe kioo!"

Alichelewa. Nywele za brashi ziliingia ndani pamoja na povu lake.

"Kijana," sauti ikatoka humo, "ndevu za mashine yako ziko shingoni kwangu."

"Vumilia, mama."

"Nivumilie nini? Mgeni wangu anakuja saa tisa, na mimi niko humu kama nguo kwenye beseni!"

"Hata mimi nina pa kwenda saa tisa!" fundi akajibu kwa ukali. "Tena safari yangu ni kubwa kuliko ya huyo mgeni wako!"

Povu alikuwa ameshika kitambi, anacheka mpaka machozi.

Hapo ndipo fundi alipoinama kwenye jicho. Utando mweupe ulikuwa umetanda kama mtoto wa jicho, na nyuzi za tambara zimenasa juu yake. Hakuwa na wa kumlaumu. Miaka kumi na moja hakuwahi kuruka asubuhi hata moja, mpaka leo.

"Povu, nipe kitu kisafi!"

"Hapa? Hata mimi mwenyewe si msafi."

Fundi akatazama shati. Akaziona zile siku tatu za cherehani, akamwona na yule mama asiyemjua akimkagua kuanzia kola hadi pindo. Honi ikalia tena, safari hii fupi, ya mtu aliyechoka.

"Potelea mbali," akasema. Akavua aproni, akachomoa pindo la kushoto, akapuliza, akafuta. Uchafu wa sabuni iliyoganda ukazama kwenye pamba. Akiwa anavuka kwenda jicho la pili akajikwaa kwenye reli, bega likasugua mnyororo wenye grisi. Akafuta hivyo hivyo, akabonyeza kijani.

Mashine ikaguna, ikatembea.

Gari lilipotoka, mama akashuka, kitambaa cha kichwa kimelowa upande mmoja. Fundi akamwahi.

"Samahani, mama. Kosa ni langu, si la mashine. Asubuhi sikulifuta jicho kama inavyotakiwa."

Mama akasogeza miwani. Alikuwa anatazama pindo linaloning'inia. Akalishika kwa vidole viwili, akaligeuza, akauangalia uzi wa buluu.

"Nani amekushonea?"

"Fundi mmoja."

"Mmoja yupi?"

"Mmoja tu, mama. Mwingine hayupo."

"Na kazi ya mikono yake umefutia mashine."

"Ningefanyaje? Wewe ulikuwa ndani."

"Hm," mama akasema, akaingia garini. Kisha akachungulia dirishani. "Huko unakokwenda, usichelewe."

Povu alimvulia shati lake mwenyewe. Fundi akalivaa, angeweza kumkaribisha mtu mwingine humo na bado nafasi ikabaki.

"Umekuwa hema," Povu akakiri.

Akarudia lake lenye madoa, akaondoka. Njia nzima alitunga uongo: ameanguka, amemwagiwa, ameponea chupuchupu kugongwa. Alipofika kwenye nyumba aliyoelekezwa, uongo wote ukamkauka mdomoni. Mbele ya mlango palikuwa na gari dogo jekundu, limebonyea mlango wa nyuma, linang'aa, tone la povu bado linaning'inia kwenye kioo cha pembeni.

Akageuka arudi alikotoka.

"Wewe!" Fundi cherehani alikuwa mlangoni. "Unakwenda wapi? Mama anakungoja."

Akaingia kama anayekwenda kung'olewa jino.

"Shikamoo, mama," akasema kwa sauti ndogo ambayo Povu asingeitambua.

"Marahaba. Ile safari yako kubwa imekuwaje?"

"Mama, nilikupigia kelele..."

"Ulinipigia kelele, nikakupigia honi. Tumetoshana."

"Siku tatu!" Fundi cherehani alikuwa ameliona shati. "Siku tatu nimeinama, na wewe..."

"Nyamaza, mwanangu," mama akasema. "Wale wawili walikuja hapa wasafi kama mayai. Niliwauliza habari za kazi zao, wakanisimulia mpaka chai ikapoa. Huyu kazi yake nimeiona kwa macho yangu, nikiwa na povu masikioni. Akaniambia kosa ni lake kabla sijamwuliza. Nina miaka sabini, na kwa mwanamume maneno hayo nimeyasikia mara mbili tu. Mara ya kwanza alikuwa baba yako, tena alikuwa na homa."

Akamsogezea fundi kiti, akamgeukia binti yake.

"Mshonee jingine. Ila pindo la kushoto ulipige cherehani mara mbili."