Chupa Thelathini na Moja

Mume wangu Nyaga tulimzika kijijini kwao Kanja siku ya Jumanne, mwezi wa Agosti 1988. Alhamisi yake mama mkwe wangu, Igoki, alinipeleka uani akanionyesha chupa thelathini na moja alizozisugua kwa majivu na kuzipanga juani, safi kabisa. Karatasi za majina alikuwa amezibandua zote.

"Nimemwaga yote kwa choo," akaninong'oneza. "Hakuna mtu atasema kijana wangu alikuwa mlevi."

Nikamwambia asante, mama. Tangu hospitali sikuwa nikihisi kitu, na mtu angeniambia nyumba inaungua ningemuuliza kama chai imeiva.

Igoki alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, na pombe hakuwahi kuionja. Alipofungua sanduku la mwanawe akanusa spiriti, alifanya alichoona ni wajibu wa mzazi. Vile vitu vyeupe vilivyoelea ndani ya chupa alidhani ni mizizi ya kuikoleza.

Havikuwa mizizi. Nyaga alikuwa fundi wa maabara katika chuo kimoja mjini Embu, na kwa miaka sita, kila mvua ikinyesha, alishuka Mbeere na ndoo na chujio la chai kuvua wanyama wa madimbwini. Ni ndugu wa kaa na kamba, wadogo kama ukucha, wanaoogelea chali huku miguu ikipepea juu. Nyaga alisema ukoo wao ni wa kale mno. Samaki walipojaa duniani na kuanza kuwala, wao walihamia kwenye madimbwi yanayokauka, mahali ambapo samaki hawezi kuwafuata. Dimbwi likikauka wanakufa wote, lakini mayai yao hulala katika tope kavu hata miaka kumi yakingoja maji.

Majike wanafanana. Ukitaka kujua huyu ni wa aina gani, sharti umpate dume, utazame koleo mbili zilizo kichwani mwake ambazo humshikia jike. Kila aina ina koleo zake. Katika dimbwi moja karibu na Kiritiri, Nyaga alipata dume mwenye koleo ambazo hazikuwa katika kitabu chochote. Alimlinganisha na michoro ya aina nyingine kwa miaka miwili, akahesabu meno ya koleo mpaka macho yakamuuma. Kisha akaandika makala, akachora, akabakiza tu kupeleka wanyama wenyewe kwenye makumbusho Nairobi. Ndipo homa ya mapafu ikamchukua ndani ya siku tisa.

Makala yenyewe niliisoma siku ya Ijumaa. Kwetu, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, ili mama huyo arudi. Sisi tulikaa miaka tisa bila mtoto. Katika ukurasa wa kwanza Nyaga alikuwa amempa mnyama wake jina. Alikuwa amemwita Igoki.

Kwa hiyo Igoki alikuwa amemmwaga Igoki chooni. Nilikunja karatasi, nikaenda kumenya viazi, na sikumwambia.

Baada ya matanga alihamia kwangu Runyenjes, katika nyumba ya shule ninayofundisha biolojia, ili nisilie peke yangu. Sikulia hata tone, na jambo hilo lilimuudhi.

Makala niliituma Nairobi hivyo hivyo, na Oktoba barua ikaja kutoka makumbusho. Waliandika kwa upole kwamba mchoro bila mnyama ni mchoro tu, jina haliwezi kusimama, na poleni kwa msiba. Kurudi Kiritiri hakukusaidia. Dimbwi lilikuwa limechimbwa likawa bwawa, watu wakatia samaki wa perege, na penye perege hao wadogo hawabaki.

Kilichobaki ni kopo moja la mafuta ya kupikia, chini ya kitanda, lenye tope kavu la dimbwi lile. Igoki alikuwa ameliacha. Nani ataona haya kwa udongo?

Nilimimina tope katika beseni nikafungulia maji ya mfereji. Siku ya tatu niliona vidoa vinavyorukaruka. Siku ya nne vyote vilikuwa vimelala chini. Ilikuwa ile dawa ya kusafishia maji. Mimi mwalimu wa biolojia, ninayewafundisha wanafunzi kwamba haraka haraka haina baraka, nilishindwa kungoja mvua. Niliinama juu ya beseni nikitafuta uchungu ndani yangu, nikakosa.

Igoki alikuwa mlangoni. "Unalilia matope?"

"Silii, mama. Zile chupa hazikuwa za kunywa. Zilikuwa za wanyama wa Nyaga. Spiriti ni ya kuwafanya wasioze."

"Kwani hakuwa anakunywa?"

"Hata siku moja."

Uso wake ulifanya mambo mawili kwa pamoja, ukafurahi na ukavunjika. Sijaona uso mwingine wa namna ile. Akaingia jikoni akafunga mlango. La jina bado sikumwambia. Nilimhurumia, nadhani, au nilitaka kumnyima. Wakati ule sikuweza kutofautisha.

Katika daftari la Nyaga kulikuwa na mstari huu: si mayai yote huanguliwa kwa mvua ya kwanza, mengine hukataa, maana mvua ya kwanza huweza kudanganya. Basi nikaanika tope lile uani, juu ya kipande cha bati. Igoki akajipa kazi ya kulilinda dhidi ya kuku, ameketi na fimbo mchana kutwa, na majirani wakaniuliza kama majonzi yamempanda mama kichwani. Mvua ya Novemba ilipokuja, alikinga maji mwenyewe kwa sufuria safi, mbali na paa lenye kutu.

Safari hii walianguliwa wachache, kumi na tisa. Niliwalisha hamira kidogo sana, kwa ncha ya kijiti. Baada ya majuma matatu wanne walikuwa na koleo, na chini ya hadubini zilikuwa zile zile za mchoro. Lakini Jumapili asubuhi nilikuta dume mmoja amekufa, tayari anaoza. Watatu walikuwa wanazubaa. Duka la dawa lilikuwa limefungwa, na ufunguo wa stoo ya shule alikuwa nao mwalimu mkuu, likizoni Chuka.

"Bila spiriti leo, kesho hakuna kitu," nikamwambia Igoki, aliyekuwa amevaa tayari kwenda kanisani.

Alinitazama. Akavua kitambaa chake cheupe cha akina mama, akakikunja vizuri juu ya kiti, akachukua kiondo akatoka. Ibada ilipita, na ya pili ikapita. Alirudi saa nane na chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi.

"Nimeambia huyo mama mpika chang'aa anipe ile ya kwanza kutoka, ile inashika moto. Ameniuliza kama nimeacha wokovu." Akaketi. "Watu wote wameniona."

Nilitia matone katika kijiko nikawasha kiberiti. Chang'aa ikawaka bluu. Nikamnyanyua dume wa kwanza kwa kijiko cha chai, nikamtia katika chang'aa iliyobaki. Alipepea kidogo, akatulia. Nikamweka chini ya hadubini, na Igoki akaja akainama, jicho moja amelifunika kwa kiganja.

"Ni huyu tu?"

"Ni huyu."

"Na anaitwa nani?"

Nikamwambia. Nikamwambia ni jina la aina nzima, wote waliotangulia na wote watakaokuja, na kwamba Nyaga ndiye aliyelichagua, kwa kuwa sikumzalia binti.

Hakuinua kichwa. "Na mimi nikamwaga yeye kwa choo."

"Ulimwaga wengine, mama. Huyu alikuwa bado hajazaliwa."

Nikalia, miezi minne yote kwa mpigo, mpaka pua ikaziba. Igoki alinipa leso yake, ikinuka chang'aa, akaningoja. Nilipotulia kidogo akanisogezea beseni, tukamtia dume wa pili.