Sifa za Kina Khumalo

Zibuyile alifika nyumbani Umlazi miguu ikimwaka moto, na simu ikamgomea tena. Programu iliyomtunzia nywila zake zote ilijifunga kila baada ya dakika tano, wala haikuvitambua vidole vyake vilivyochubuliwa na dawa za kusafishia hospitali. Kuilegeza aliogopa wezi, na kuandika nywila ndefu ngumu kukumbuka kutwa nzima kulimtoa roho. Ndiyo maana akachagua majina ya sifa ya ukoo wake wa Khumalo yawe nywila ya kuifungua: ni marefu, na hata akisinzia hayamtoki kichwani.

Akajibwaga kwenye kochi, akaandika huku akinong'ona. "Mntungwa... Mbulazi... Mzilikazi..." Akakwama. Kichwa kilikuwa kitupu.

"Mashobane!" mama mkwe akadakia kutoka jikoni, akisonga phuthu, ugali wa mahindi wa chengachenga. "We MaKhumalo, umechoka mpaka unasahau kwenu? Kila jioni nakupokea mlangoni kwa majina hayo hayo, mpaka watoto wa jirani wanayaimba!"

Zibuyile akaandika Mashobane. Programu ikafunguka, na usingizi wote ukamruka: kumbe nywila yake ilikuwa ikiimbwa mtaani kila jioni.