Waliozoea Joto Porz-Melar

Jumanne ya wiki ya pili ya Julai, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kaa mmoja alimponyoka Soazig Kermarec akarudi ndani ya tangi la kuchemshia. Soazig akaingiza mkono, akampapasa chini ya tangi, akamtoa na kumrudisha kwenye kikapu cha waya. Maji yalikuwa yanatokota. Annaïg, msichana aliyekuwa akipanga kaa upande wa pili wa meza, akamwambia:

“Hujavaa glavu.”

Soazig akautazama mkono. Kuanzia kiwikoni hadi kwenye vidole ulikuwa na rangi ya kutu, mgumu, wenye vijinundu vidogo pembeni. Akaugonga mezani mara mbili, ukalia kama kikombe.

“Nipe kikapu kingine,” akasema.

Chumba cha kuchemshia cha kiwanda cha kaa cha Porz-Melar, kijiji cha wavuvi, hakina dirisha. Kina matangi manne, na kiangazi kile joto lake halikushuka chini ya nyuzi arobaini na tatu, kwa sababu feni kubwa ya kutolea mvuke iliungua mwezi wa Mei. Bwana Quéméner, mkurugenzi, alisema kipuri kimeagizwa. Mwezi wa Juni, siku ambayo hata ng'ombe hawakutoka kivulini, Maryvonne Le Goaster alianguka mbele ya tangi la tatu, kikapu mkononi. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Alikuwa ameomba maji mara mbili, na mara zote mbili akaambiwa asubiri saa ya mapumziko. Kwenye karatasi ya kifo waliandika kwamba ni moyo. Kesho yake tangi la tatu liliwashwa saa ileile ya kila siku.

Kwa hiyo mikono ilipoanza kuota magamba, hapakuwa na aliyeuliza ni kwa nini. Baada ya Soazig alifuata Annaïg, ambaye alikuwa na mimba ya miezi sita na mumewe yuko kwenye meli ya uvuvi kusini mwa Ireland. Ilipofika mwisho wa Julai wanawake wote kumi na mmoja wa zamu ya asubuhi walikuwa na magamba, wengine mpaka mabegani. Stoo ikatoa glavu za saizi kubwa zaidi. Kila baada ya wiki mbili gamba la zamani lilipasuka kwa nyuma, na mwenzako ndiye aliyekushikia ncha katika chumba cha kubadilishia nguo huku wewe ukijichomoa taratibu. Gamba jipya hukaa laini siku nzima, na siku hiyo hata nguo ikikugusa unaumia. Wanawake wakaomba siku hiyo moja iwe ya kupumzika. Ofisi ikajibu kwa barua kwamba kujivua gamba si ugonjwa.

Magamba matupu yalitupwa kwenye mapipa pamoja na ya kaa.

Soazig alikuwa na binti wa kaka yake, Enora, aliyefanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa bahari upande wa pili wa ghuba. Tangu mwaka juzi Enora alikuwa akija maji yanapokupwa, amevaa mabuti ya mpira, kukusanya kaa wadogo wa kijani. Wengine aliwatoa pale bomba la kiwanda linapomwaga maji ya moto baharini, wengine kwenye mwamba wa nje, ambako maji ni baridi mwaka mzima. Aliwatia wote kwenye beseni, akapandisha joto kidogo kidogo, akaangalia jeni zipi zinaamka. Jumapili moja alimweleza shangazi yake mezani, kati ya chapati nyembamba za siagi na chupa ya sida, pombe ya matofaa.

“Kaa wa mwambani, shangazi, ukimpandishia joto, ile jeni ya kuulinda mwili inachelewa kuamka. Inaamka yeye keshakufa. Lakini wa bombani, yake hailali kabisa. Iko macho usiku na mchana, hata maji yakiwa baridi.”

“Kama jirani mbea.”

“Basi huyo huyo. Na anakula nguvu za mwenye nyumba. Kaa wa bombani hawakui wakawa wakubwa, na mayai wanataga machache.”

“Walijifunza lini hayo?”

“Hawakujifunza. Wasioweza walikufa. Hawa unaowaona ni watoto wa waliobaki.”

Soazig alitafuna akamaliza. Kisha akafunga nywele zake juu, akainamisha kichwa ili Enora amtoe damu ya kupima nyuma ya sikio, mahali ambapo ngozi ilikuwa bado ngozi. Wiki iliyofuata wale wenzake kumi nao walitolewa, wamepanga foleni kwenye ngazi za jikoni kwake. Majibu yalipotoka Enora aliyaleta mwenyewe.

“Zenu nazo hazilali,” akasema.

“Hata mimi nikilala?”

“Hata ukilala, shangazi.”

“Ndiyo maana naamka nimechoka.”

Bomba la kiwanda liko kwenye ardhi ya kiwanda. Ili aruhusiwe kuvua kaa pale, Enora ilimbidi aache ofisini nakala ya ripoti yake kuhusu kaa. Katika ukurasa wa tisa alikuwa ameandika kwamba kaa wa bombani wamepata uwezo wa kuhimili joto kuliko wenzao. Ilikuwa kweli. Sentensi iliyofuata ilisema kwamba katika kila kaa mia, themanini na wanane walikufa ndipo uwezo huo ukaonekana. Hiyo nayo ilikuwa kweli.

Mwezi wa Agosti alikuja mkaguzi wa kazi kwa ajili ya kifo cha Maryvonne. Walikaa ofisini kwa mkurugenzi, penye kiyoyozi. Soazig aliwakilisha wafanyakazi, amejifunika koti la baridi. Enora aliitwa kwa sababu ya ripoti. Goulven, mume wa marehemu, hakuitwa. Alikuja tu, akaketi.

Bwana Quéméner alisoma sentensi ya kwanza ya ukurasa wa tisa, akafunga ripoti.

“Sayansi yenyewe imesema. Viumbe vinazoea. Tena tazama mikono ya akina mama hawa. Mimi nikitia wangu mle mtaniokota vipande.”

“Na Maryvonne?” Soazig akauliza.

“Marehemu, kwa heshima zote, hakuwa na mwili wa kazi hii.”

“Aliifanya miaka ishirini na sita,” Goulven akasema. “Feni ikiwa nzima.”

“Soma sentensi inayofuata, bwana,” Enora akasema.

“Dada, umeandika ripoti nzuri. Usije ukaiharibu mwenyewe.”

Mkaguzi aliinuka, akaligonga gamba la Soazig kwa kalamu, akasikiliza. Akauliza kama anaumia. Soazig akasema haumii, lakini hilo silo aliloitiwa. Mkaguzi akaandika neno moja, “Hapana,” na neno hilo ndilo lililokuwa taarifa yake yote. Wiki ileile kipuri cha feni kilifutwa kwenye orodha. Kiwanda kiliruhusiwa kumwaga maji yenye nyuzi mbili zaidi. Zamu ya asubuhi ikaongezwa saa moja. Ukionekana unaweza kubeba, hakuna anayeuliza nani alikufa njiani akiubeba mzigo huohuo, unaongezewa.

Alhamisi iliyofuata wanawake kumi na mmoja walivua aproni saa kumi na mbili asubuhi, wakatoka nje, wakaketi gatini juu ya makreti ya samaki. Walitaka feni, maji ya kunywa kila mtu anapohisi kiu, na karatasi ya kifo cha Maryvonne iandikwe upya kwa sababu ya kweli. Hawakupiga kelele. Kufikia saa tatu jua lilikuwa limewaka na watalii walikuwa wanapita na fulana wakilamba aiskrimu, lakini wanawake wakaanza kutetemeka. Goulven alileta mablanketi. Majirani walileta supu. Enora alikuja na chupa za maji ya moto, akawapakatisha.

“Mbona hivi?” Annaïg akamuuliza, meno yakigongana.

“Mwili uliokaa tayari kwa moto umesahau baridi. Niliwaona kaa wakifanya hivi.”

“Uliandika?”

“Niliandika. Ukurasa wa kumi na mbili.”

Bwana Quéméner hakuita polisi wala hakumtishia mtu. Saa tano aliagiza mlango mkubwa unaotazama gati ufunguliwe, akasimama hapo mikono mfukoni, na mvuke ukatoka nyuma yake ukawafuata wanawake walipoketi. Kumbe ukurasa wa kumi na mbili alikuwa ameusoma vizuri sana.

Saa sita na nusu vidole vya Annaïg vilijikunja vikagoma kufunguka. Akainuka, mkono mmoja chini ya tumbo, akaelekea mlangoni, na hakuna aliyemlaumu. Wakafuata wawili, kisha saba. Soazig aliingia wa mwisho.

“Karibuni ndani, akina mama,” mkurugenzi akasema. “Huku kuna joto.”

Soazig akasimama mbele yake.

“Ipo siku utaomba maji, Quéméner, na saa ya mapumziko itakuwa bado.”

Akaingia, akafunga aproni.

Annaïg alijifungua mwishoni mwa Septemba, mtoto wa kike. Mkunga aliandika kilo tatu na gramu mia mbili, na kwenye mstari wa viganja na nyayo akaandika: magamba, laini, yanakauka. Mtoto akaitwa Maryvonne. Kiwanda kilituma maua na kadi iliyochapishwa: “Karibu katika familia yetu.” Annaïg aliyatia maua kwenye pipa, na kadi akampa Enora aione. Enora aliisoma, akairudisha. Hakuomba damu ya mtoto.

Jumamosi Soazig alikwenda kumsaidia kuogesha. Alijaza beseni, akatia mkono majini, akangoja. Annaïg naye akatia wake. Wakatazamana. Walijaribu kwa viwiko, na viwiko havikuwaambia kitu. Mwishowe Soazig alikwenda kugonga mlango wa pili, kwa Goulven, kwa kuwa katika mtaa ule wa nyumba za wafanyakazi hapakuwa na ngozi nyingine karibu.

Goulven alikuja, akakunja shati, akatia kiwiko, akakitoa upesi.

“Haya ni ya kaa,” akasema.

Wakati huo mtoto, aliyekuwa mikononi mwa mama yake, alirusha mguu ukaingia majini mpaka gotini. Hakulia. Alitulia, macho nusu yamefumba, kama mtu aliyefika kwao.

“Anayapenda,” Annaïg akasema polepole.

Goulven alijaza jagi bombani akamimina maji baridi. Akajaribu, akamimina tena.

“Utampa baridi, Goulven.”

“Acha ayajue yote mawili.”

Alimimina mpaka yakawa maji ambayo mtoto yeyote angeogeshwa nayo. Annaïg alimshusha binti yake ndani, na Maryvonne mdogo akalia, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, kilio kirefu cha hasira kilichosikika hadi gatini. Hakuna aliyemnyamazisha. Soazig alimsugua mgongo, Goulven akashika taulo.

Jumatatu kiwanda kiliwasha tangi la tano.